Ngozi Niliyoifua

Alhamisi iliyopita Konsolata alikuja kwangu Biryogo amevaa koti refu utadhani Kigali kunaanguka theluji. Akanikumbatia hapo mlangoni mpaka ushungi ukanivuka, na kabla sijamkaribisha hata maji ya kunywa akafungua mkoba, akatoa kisanduku cheusi chenye chupa ndani. "Lete mkono, Hadija." Nikamwambia, we mwanamke, tulipoagana hatukuwa na mvi hata moja, keti kwanza upumue. Hakuketi. Akanipulizia kwenye kifundo cha mkono, kisha akabaki ananichunguza uso kama mama anayengoja mtoto aonje uji. Nikanusa. Kwanza ulikuja moshi, ule wa kuni zinazofuka bila kuwaka. Nyuma ya moshi ikaja ngozi, na siagi ya ng'ombe iliyokaa, na magome ya mti. Halafu, mbali kabisa, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu, kikaja kitu kitamu: sukari iliyoungua na udi. "Nzuri," nikasema, nikakimbilia jikoni kuangalia chungu. Jikoni hapakuwa na chungu. Nilisimama mbele ya jiko lililozimwa, nimeshika mwiko.

Niliporudi sebuleni nilimkuta anasoma karatasi iliyokuja na chupa, ya Kifaransa, huku ananifasiria. Iliandikwa kwamba marashi yale yamefuata ufundi wa kale wa watengeneza ngozi wa Rwanda, kwamba ni harufu iliyokuwa imepotea, na mambo mengine ya kifahari ambayo watu wa Ulaya hupenda kuandika kwenye karatasi laini. "Unaikumbuka ngozi ya Mukecuru?" akaniuliza, akimtaja bibi yake. "Ile ya mama yake? Nilimpelekea fundi wa marashi kule Ubelgiji. Ameinusa miezi minne, Hadija. Sasa mama yake Mukecuru yuko ndani ya chupa." Akacheka, macho yakamlenga machozi. Ati naikumbuka! Mimi ndiye niliyeiua ile ngozi. Harufu iliyomo chupani siyo ya mama yake Mukecuru hata kidogo. Ni yangu. Niliipika mwaka wa 1992, kwa woga na kwa uongo, baada ya kuiharibu ile ya kweli kwa sabuni na ndimu, na hakuna kiumbe niliyewahi kumwambia. Konsolata ameahidi kurudi Jumapili tule pamoja. Nimekaa na chupa hii tangu Alhamisi, najiuliza nimwambie au niende nayo kaburini, na kwa kuwa sipati jibu nimeona afadhali niandike.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilijiona najua kila kitu. Nilifanya kazi na shangazi yangu Sauda katika chumba kimoja nyuma ya nyumba, chumba cha udi. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, bati lake limekuwa jeusi kwa moshi, na kuta zake ukizigusa vidole vinanata. Tulikuwa na sufuria ya kuyeyushia sukari, magunia ya vipande vya msandali, chupa za marashi ya waridi kutoka Mombasa, karafuu, na chetezo kimoja cha udongo ambacho shangazi alisema kina umri mkubwa kuliko mimi. Juu ya chetezo tuliweka tenga, na juu ya tenga nguo za maharusi, tukazifukiza mpaka zinukie siku tatu. Shangazi alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kama tasbihi: hufukizi kitu kichafu. "Ukifukiza uchafu umeupa uchafu heshima," alikuwa akisema, na kanzu ikija na jasho la mwenyewe tuliifua kwanza, tukaianika, tukaipiga pasi, ndipo ikapanda kwenye tenga. Mimi kanuni ile niliishika kuliko yeye. Nilikuwa mtu wa usafi wa kuudhi, wa kufua mpaka kitambaa cha kufutia, na sijabadilika sana, muulizeni mume wangu. Mwezi wa Agosti shangazi akasafiri kwenda Bujumbura kumwangalia binti yake aliyekuwa mjamzito, akaniachia ufunguo na wateja. "Usiguse kitu usichokijua," aliniambia akipanda gari. Nikamjibu, shangazi, nenda kwa amani, kwani mimi mtoto?

Konsolata alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja Muhima, na rafiki yangu tangu shule ya msingi. Alikuwa akikaa na mama yake na bibi yake, yule tuliyemwita sote Mukecuru, yaani mwanamke mzee, kwa heshima. Nilizoea kwenda kwao Jumamosi mchana. Nyumba yao ilikuwa humo humo Muhima, juu ya barabara iteremkayo Nyabugogo, na chumba cha Mukecuru kilikuwa cha mwisho, chenye dirisha moja, msalaba wa mbao, na mkeka uliofumwa kwa mkono. Tulikula humo humo, chini, maharage na viazi vitamu na maziwa ya mgando, kwa sababu Mukecuru alitaka kusikia watu wakitafuna. Alikuwa kipofu. Nikiingia alinipapasa uso kwa vidole vikavu, akasema, "Mtoto wa Waswahili amekuja, leo nyumba itanukia." Kinyarwanda chake kilikuwa cha zamani, cha polepole, mimi mzaliwa wa mjini nilikuwa napoteza neno moja katika kila matano. Chini ya shavu lake alipolala daima palikuwa na kipande cha ngozi, ukubwa wa nusu ya mkeka wa kuswalia, cheusi, laini kama sikio la mbuzi. Kilikuwa kimebaki kutoka kwenye inkanda ya mama yake, vazi la ngozi walilovaa wanawake wa zamani kabla nguo za dukani hazijafika. Mama yake aliolewa nalo. Walikuwa wakilipaka siagi, wakalifukiza kwa majani na magome, na harufu ile, Mukecuru alisema, ilimtangulia mama mlangoni kabla ya sauti yake.

Jumamosi moja alininyooshea kile kipande. "Nusa," akasema. Nikanusa, nikasikia moshi kidogo tu, na mafuta, na uzee. "Mama anaondoka," akasema. "Kila mwezi anapungua. Wewe kazi yako ni kufukiza. Mrudishe kidogo." Mama yake Konsolata akacheka, akasema, mama, acha kumsumbua mtoto wa watu, ngozi ni ngozi tu. Mukecuru akageuza uso upande wa sauti. Nitamsikia mpaka nakufa. "Wewe unacheka kwa sababu una macho. Mimi siku zangu zimebaki chache. Nikifika kule, macho sina. Mama nitamtambua kwa nini, kama sina hata harufu yake puani?" Konsolata akakifunga kile kipande katika kitenge, akaniwekea mapajani. Nilisema, Mukecuru, nipe wiki moja tu. Kweli nilisema wiki moja, kwa mdomo wangu huu.

Na Jumatatu yake nikakifua. Sasa ukiniuliza ilikuwaje, nitakuambia sikufikiri hata dakika. Nilikifungua kile kitenge, nikaona ngozi ina weusi wa mafuta, ina vumbi la miaka, ina alama ya shavu la bibi wa watu, nikasema Subhanallah, hiki ndicho nikipandishe kwenye tenga la shangazi? Nikateka maji, nikachukua sabuni ya kipande, nikakisugua kwa mikono yote miwili. Maji yakawa ya kahawia. Nilifurahi, wallahi! Kila maji yalivyokuwa meusi ndivyo nilivyojisifu. Nikabadilisha mara tatu, mara ya nne nikakamua ndimu ili kuondoa kile nilichokiita uvundo, kisha nikakianika uani katika jua la Agosti, nikaenda kupika. Baada ya swala ya alasiri nikatoka kukianua. Kilikuwa kimejikunja kama chapati iliyosahauliwa jikoni, kigumu, kimepauka, na nilipokipiga kwa kidole kililia kama bati. Nikakiweka puani. Sabuni na ndimu. Nikakigeuza upande wa pili: sabuni na ndimu. Hapo ndipo akili ikanirudia, na ilirudi yote kwa mpigo. Harufu niliyoagizwa kuirudisha ndiyo niliyoimwaga kwenye mtaro, ndoo nne. Nikakaa chini pale uani, nikalia kwa sauti mpaka jirani akauliza juu ya ukuta kama shangazi Sauda amefariki.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi nilijaribu kuyazoa. Kulikuwa na fundi viatu Kimisagara, Mzee Gaspari, aliyeshonea nusu ya Nyamirambo viatu vya ngozi na vya raba ya gurudumu, na watu walisema babu yake alikuwa mtengeneza ngozi wa zamani zile. Nikateremka kwa kupitia Nyakabanda na ngozi kwapani. Nilimkuta katika kibanda chake, misumari mdomoni, redio ndogo juu ya rafu. Akaipokea ngozi, akaikunja, ikalia. Akatema misumari kiganjani. "Hii iko imekufa, mama. Nani alifanya hivi?"

"Mimi, mzee."

"Na sabuni?"

"Na sabuni. Na ndimu."

"Ndimu!" Akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kifuani kisichotoka nje, mpaka akajifuta machozi na aproni. "Nyinyi Waislamu, mutu akikufa munamuosha. Sasa hii haikukuwa imekufa. Wewe uliiosha mpaka ikakufa." Nilikasirika, nikamwambia sikuja hapa kuchekwa, nikamweleza habari ya Mukecuru na macho yake na mama yake. Kicheko kikaisha. Akaitazama ile ngozi muda mrefu, akaisugua pembeni kwa kidole gumba. "Babu yangu angenipiga," akasema. "Leta siagi ya ng'ombe. Si ile ya duka. Na uje na miguu safi, wewe ndiye utakanyaga."

Basi nikakanyaga. Wiki saba, siku tatu kwa wiki, nikifunga chumba cha udi mchana na kudanganya wateja kwamba naumwa kichwa. Mzee Gaspari aliilaza ngozi katika maji ya magome ya umunyinya, ule mgunga wenye miiba, akaitoa, akaipaka siagi iliyoanza kuchacha, akaitandika juu ya gunia, nami nikaikanyaga kwa visigino huku nimeshikilia nguzo ya kibanda. "Ngozi haitaki haraka," alikuwa akisema akishona. "Iko kama mugonjwa. Unaipatia mafuta, unangoja. Unaipatia tena." Saa sita mkewe alituletea ugali na isombe, ile mboga ya majani ya muhogo, tukala mikono ikinuka siagi, na mimi niliyekuwa nikifua mpaka vitambaa vya kufutia nikazoea kula hivyo hivyo. Wateja walikuja na viatu vyao na maneno yao. Walizungumza fulani aliyehamisha watoto, vijana wa chama fulani waliofunga njia jana, nani kahojiwa kitambulisho wapi, na wakiniona nimesimama juu ya gunia wananyamaza. Mzee Gaspari aliongeza sauti ya redio kama ni muziki, akaipunguza kama ni hotuba. "Hapa tunaongea viatu tu," aliwaambia. Kuna Jumamosi mbili nilishindwa kuteremka kwa sababu ya filimbi na mawe njiani. Nilikaa nyumbani nikiwaza ngozi, na leo najishangaa: mji unafuka moshi mimi naogopa ngozi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtu huogopa kile alichokishika mkononi.

Kufukiza ndiko kulikotushinda. Mara ya kwanza niliokota majani ya mkaratusi, kwa kuwa yananukia na yako kila mahali, na ngozi ikatoka inanuka kama mtoto mwenye mafua. Tukairudisha kwenye maji. Mara ya pili Mzee Gaspari alichimba shimo nyuma ya kibanda, akaweka mkebe wa makaa, magome na majani makavu aliyoyakumbuka tangu utotoni, moja linakubaliwa, moja linakataliwa, naye ananusa amefumba macho akijaribu kumkumbuka babu yake. "Moto ukionekana umeharibu," alinionya. "Hapa tunataka moshi. Hatutaki moto." Mkebe ukapata moto sana, ukingo wa ngozi ukaungua, nikapiga kelele kama nimeungua mimi. Wakati huo Konsolata anakuja Biryogo kila wiki kuniuliza. Nilimpikia chai ya tangawizi, nikamwekea mandazi, nikasema bado haijashika vizuri, mwenzangu, kazi nzuri haina haraka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya wiki saba. Siku moja akaniambia, bila kunilaumu, "Siku hizi anaweka kiganja chini ya shavu. Halali. Jana aliniita mimi mama, akaniuliza mbona sinukii." Nikaweka andazi chini. Nilitaka kumwambia pale pale, neno lilikuwa mdomoni limekwisha kuiva, lakini nikamwona uso wake nikalimeza.

Kesho yake nikafanya jambo ambalo shangazi angenikatia mikono. Nilichukua chetezo chake cha udongo, kile chenye umri mkubwa kuliko mimi, nikakifunga kwenye kanga, nikateremka nacho Kimisagara. Udongo haupati moto kwa pupa kama bati. Moshi wake ni mpole. Nilikuwa nimekipangusa vizuri, nje na ndani. Tukaweka makaa machache, magome, majani, tukaning'iniza ngozi juu kwa siku mbili, na mimi sikubanduka ila kwa swala. Siku ya pili jioni Mzee Gaspari akaishusha. Ilikuwa laini. Ilikuwa nyeusi. Akaizika pua ndani yake, akakaa hivyo mpaka mkewe akauliza kama analala. "Iko karibu," akasema. "Iko karibu sana. Huyu ni bibi yangu kabisa." Akanusa tena, akakunja uso. "Lakini iko na sukari. Iko na harusi ndani."

Nikanusa. Kweli. Miaka ishirini na zaidi ya udi na sukari iliyoungua ilikuwa imelala ndani ya udongo ule, nami nikaiamsha kwa makaa. Nilipangusa chetezo, lakini udongo haupanguswi. Nikasema tuanze upya, mzee, tuifue, yaani tusiifue, tuitie majini. Naye akawa tayari anakunja mikono ya shati. Ndipo akatokea mtoto wa jirani yao Konsolata, ametumwa Biryogo akaelekezwa Kimisagara, anahema: padri ameitwa kwa Mukecuru. Mzee Gaspari akaikunja ngozi, akanipa. "Peleka," akasema. "Mama mwenye kunuka harusi si mubaya. Iko bora kuliko mama wa sabuni."

Nilipofika Muhima padri alikuwa amekwisha ondoka. Mukecuru alilala chali, mdogo kuliko nilivyomwacha, na Konsolata na mama yake wamekaa pembeni. Nikapiga magoti, nikamwekea ngozi mikononi. Aliijua kwa vidole kwanza. Akaipandisha usoni taratibu, akaifunika pua na mdomo, akavuta pumzi. Nilihesabu pumzi zake kama anayesubiri hukumu. Moja. Mbili. Ya tatu ilikuwa ndefu, ikaingia na haikutoka haraka. Kisha akanyoosha mkono, akaushika wangu, akauvuta mpaka puani kwake, akanusa kiganja, akanusa kidole kimoja kimoja mpaka cha mwisho. "Mikono yako imechoka, mwanangu," akasema. "Mpeni maziwa huyu. Mpeni na viazi." Akageuka upande, akaweka ngozi chini ya shavu, akalala. Alilala mpaka kesho yake adhuhuri, na alipoamka aliomba uji.

Tena hakufa. Kifo kilikuja kikaona mtu amelala vizuri, kikaondoka. Aliishi mpaka masika ya mwaka uliofuata, akafa kitandani kwake, shavu juu ya ngozi, na wanawe na wajukuu wamemzunguka. Kwa yaliyokuja baadaye, nimejifunza kwamba hiyo ni neema isiyo ndogo. Konsolata aliikata ngozi vipande viwili. Kimoja wakamzika nacho, kingine akabaki nacho. Mimi nililia makaburini kuliko ndugu, watu wakanisifu kwa moyo wangu, na kila sifa ilinichoma. Shangazi Sauda alikuwa ameshindwa kurudi mapema. Aliporudi jambo la kwanza alishika chetezo chake, akakitia pua, akanigeukia macho yamemtoka. "Nani amechoma ng'ombe humu?" Nikamwambia ni mteja. Huo nao ni uongo ambao sikuurekebisha.

Miezi ile ya 1994 siiandiki. Nitasema tu kwamba Konsolata alitufikia Biryogo peke yake, bila mama, bila viatu, na tulimficha wiki tatu katika chumba cha udi, nyuma ya magunia ya msandali. Kile kipande alikuwa amekifunga kiunoni chini ya nguo. Tulikaa naye humo zamu kwa zamu, mimi na shangazi, tukinong'ona. Alikuwa anakinusa kile kipande ameegemea ukuta, saa nzima. Ningeweza kumwambia wakati ule. Lakini kilikuwa ndicho kitu cha pekee cha kwao alichobaki nacho duniani. Ningeanzaje kusema hicho nacho si cha kwenu, ni kazi ya miguu yangu na chetezo cha shangazi? Nikanyamaza. Baadaye akaenda zake Ubelgiji, mimi nikabaki. Kimisagara nilikwenda kumtafuta Mzee Gaspari. Kibanda kilikuwa hakina paa, na hakuna aliyejua kunijibu. Nimemwombea tangu siku ile, kwa dini yangu, na yeye kwa yake anisamehe.

Hayo yote niliyaandika kufikia Jumamosi. Jana Jumapili nilipika pilau, nikapika na isombe kwa ajili ya Konsolata, na alipokwisha kula sahani ya kwanza nikamwambia. Sikupamba. Nilisema, nilikifua, Konso. Kwa sabuni na ndimu. Hiyo chupa yako ni ya uongo, hakuna mama wa mtu humo, ni mimi. Nje vijana walikuwa wanapigana picha mbele ya kuta za rangi, kama wafanyavyo siku hizi Biryogo, wanacheka, na ndani mimi nalia na mikono yangu ina wali. Konsolata aliniacha nimalize. Kisha akanawa mikono, akaikausha polepole.

"Yule fundi wa marashi aliniambia," akasema. "Alisema, madamu, kuna kitu humu si cha ngozi. Kuna sukari, kuna udi. Ananiuliza akitoe? Nikamwambia akikitoa anirudishie ngozi yangu niende."

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Hadija. Nimekaa wiki tatu katika kile chumba. Nikinusa ngozi, nikinusa ukuta, ni kitu kimoja. Unafikiri pua sina?" Akanishika kifundo cha mkono, pale pale aliponipulizia Alhamisi. "Na kabla ya hapo Mukecuru alikwisha niambia. Siku ile ile, ulipotoka tu. Alisema, mama yangu hakunukia sukari. Huyu mtoto amempoteza mama yangu, akamtafuta mpaka mikono ikachoka. Usimwulize kitu."

Miaka thelathini na zaidi! Nilimpiga bega, nikamwambia mshenzi wewe, umeniacha nioze na dhambi. Naye akasema na wewe je, ulikuwa na mdomo. Tukacheka, tukalia, tukacheka tena. Lakini bado kulikuwa na jambo moja linaniuma kuliko yote, nikamwuliza. Basi Mukecuru aliondoka bila harufu ya mama yake, na macho hakuwa nayo. Kule alikokwenda amemtambuaje?

"Nilimwuliza hivyo hivyo," Konsolata akasema. "Akanicheka. Akasema, macho sina mimi. Mama anayo. Ataniona yeye."

Nikaona sahani yake iko tupu, nikamwongezea pilau, na yeye akasogeza kiti, tukala.